Mwizi anapita juu, mimi nachimba chini

11 Januari

Binti yangu ndiye huwafungulia kuku kabla ya kwenda shule. Leo alirudi jikoni na kopo la pumba bado limejaa. "Baba, kuku hawajaongea leo." Kukipambazuka kuku wetu hugombana mlangoni kama abiria wa daladala, kwa hiyo nilijua kuna jambo hata kabla sijavaa kandambili.

Watatu walikuwa chini. Mmoja ameliwa kichwa na shingo. Wawili wameumwa shingoni tu na kuachwa pale pale, mwili mzima, hata unyoya haujapotea mwingi. Waliobaki kumi na mmoja walikuwa wamejibana kwenye kichanja cha juu kabisa, hawataki kushuka.

Kinachoniuma ni hao wawili. Lakini ndivyo inavyokuwa: mnyama akishaingia kwenye chumba kilichofungwa na kuku wakaanza kupiga mabawa, anauma kila kinachotikisika mpaka patulie. Na kuku usiku haoni. Anapiga kelele na kugonga ukuta, basi.

Kwa atakayesoma kumbukumbu hizi: banda liko uani nyuma ya jiko, Bigwa, Morogoro, pale milima ya Uluguru inapoanza kupanda. Upana mita 2, urefu mita 3. Nguzo za mirunda, kuta za mabanzi, mbele wavu wa kuku ule mwembamba wa matundu ya pembe sita, juu bati. Nililijenga mwenyewe mwaka jana na nilijisifu sana.

13 Januari

Mzee jirani amekuja kutoa pole, akatoa na hukumu: "Huyo kicheche." Huku kwetu kila kinachokula kuku usiku ni kicheche. Kicheche halisi ni mnyama mdogo mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, akikasirika ananuka mtaa mzima. Lakini jina limewabeba wote: nguchiro, kanu, fungo, hata paka shume. (Mtaani jina limebeba na watu pia, ila hilo tuliache.)

Nikampigia kaka yangu aliyeko Leicester, Uingereza. Naye anafuga, kuku sita nyuma ya nyumba, na adui yake ni mbweha mwekundu. Kule mbweha wanaishi mjini kabisa, wanapita barabarani usiku kama paka wetu. Alinieleza kwa hamasa: mbweha anachimba. Dawa yake ni kutandaza wavu mgumu chini kuzunguka banda, kama sketi, halafu kuufukia kidogo. Mbweha hufika ukutani akaanza kuchimba hapo hapo, anakuta waya, wala hana akili ya kurudi nyuma nusu mita aanzie huko. Nikaona hii ndiyo elimu.

18 na 19 Januari

Nimechimba. Siku mbili, jembe, sururu na mgongo. Nimenunua wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, ule wanaokaushia kahawa, nikaukata vipande vya upana wa sentimita 45, nikaufunga kwenye mabanzi ya chini kwa waya wa kufungia nondo, nikafukia na kupanga mawe juu. Pesa iliyokwenda sitaiandika hapa maana mama watoto naye anasoma.

27 Januari

Kuku mwingine. Kichwa na shingo, vile vile. Sketi haijaguswa, hata jiwe moja halijasogea.

Nimekaa juu ya ndoo nikaliangalia banda kwa muda mrefu. Nimejenga ngome dhidi ya mnyama wa Leicester.

28 Januari

Kabla ya kununua hata msumari mmoja tena, nataka kujua ni nani. Nimechekecha majivu ya jikoni nikayamwaga kuzunguka banda, upana wa hatua moja, nikayalainisha kwa ufagio. Majivu yanashika unyayo vizuri kuliko mchanga, na kuku mchana wanajiogea humo, wanapunguza utitiri.

29 Januari hadi 2 Februari

Usiku wa kwanza: paka wetu. Wa pili: panya buku, ametoka upande wa sketi ambako kumbe kulikuwa na shimo lake la zamani kuelekea kwenye pumba. (Hapa Morogoro, pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ndugu zake wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Wa kwangu amejifunza kunusa chakula cha kuku.) Basi sketi imefanya kazi moja: shimo limezibwa na pumba haziibiwi tena.

Usiku wa nne, kitu kingine. Nyayo ndogo za mviringo, vidole vinne, bila alama ya kucha. Zilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kona ya mparachichi, na hazikufika kwenye kuta. Zimeanzia katikati ya majivu kana kwamba mwenyewe ameshuka kutoka mbinguni.

Kijana mmoja anayesomea wanyamapori, anapanga nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuja na simu yake akazipiga picha. Akaniuliza maswali mawili tu: zina kucha? Hazina. Kuku aliliwa nini? Kichwa na shingo. Akasema nguchiro na fungo wangeacha alama za kucha, na fungo ni mzito, hapandi kirahisi. Halafu akanyanyua uso akatazama mparachichi.

5 Februari

Nimemwona. Saa nane na dakika kumi usiku, mimi dirishani na tochi imezimwa. Alikuja juu ya ukuta wa jirani, akapita kwenye tawi la mparachichi bila tawi kutikisika, akatua juu ya bati. Nilisikia mguso mmoja mdogo, kama embe changa limeanguka. Nilipowasha tochi macho yakawaka, nikaona mwili mrefu wenye madoa na mkia wa pete nyeupe na nyeusi, mrefu karibu sawa na mwili. Kanu. Mzuri kuliko wezi wote niliowahi kuwaona, na alikaa sekunde tatu nzima akinitazama kama mimi ndiye nimeingia kwake.

7 Februari

Sasa swali: anaingilia wapi? Nimezunguka mchana mara nne sikuona tundu la maana. Jibu limekuja kwa bahati. Leo ilikuwa zamu ya chanjo ya mdondo, ile ya tone la jicho ya kila miezi mitatu, na huwa naifanya usiku kuku wakiwa wametulia. Nilikuwa ndani na taa ya kuchaji, mama watoto yuko nje ameshika kichupa. Akasema, "Baba Neema, hili banda lako linavuja."

Nikatoka. Kweli, banda lilikuwa linawaka kama chujio. Kila ufa kati ya mabanzi, kila wimbi la bati lilipokaa juu ya mbao, mwanga ulikuwa unatoka. Tumehesabu matundu kumi na saba ya kuingiza vidole vitatu au zaidi. Kanu ana mwili laini: kichwa kikipita, kilichobaki kinafuata. Na pale chini ya bati, upande wa mparachichi, pengo moja lilikuwa na manyoya mafupi ya kijivu yamenasa kwenye msumari.

Kama una banda, fanya hivi usiku wa leo: weka taa ndani, zima za nje, zunguka. Haina gharama. Ningeanza na hili, mgongo wangu ungekuwa mzima.

8 hadi 16 Februari

Kazi yenyewe, kwa kifupi. Tawi la mparachichi limekatwa, na mengine yote yaliyokuwa ndani ya mita 2 kutoka kwenye paa. Mawimbi ya bati nimeyaziba kwa vipande vya wavu wa kahawa vilivyokunjwa na kugongelewa, nafasi ya hewa imebaki. Nyufa za mabanzi zimefunikwa kwa ndani kwa wavu huo huo. Wavu mwembamba wa mbele nimeung'oa wote: ulikuwa umeshika kutu na kwa mkono mtupu niliutoboa. Huo ni wa kuzuia kuku asitoke, si wa kuzuia mtu asiingie. Mlango ulikuwa na kamba, sasa una komeo mbili, juu na chini, kwa sababu mlango wenye komeo moja katikati ukiusukuma chini unapinda.

Vichanja nimevisogeza ndani, mbali na kuta zote.

3 Machi

Hakuna aliyekufa tangu tarehe 27 Januari. Nyayo kwenye majivu zinaendelea, siku mbili tatu kwa wiki.

Nilijaribu pia taa ya sola inayowaka kitu kikipita. Siku nne za kwanza hakuja. Siku ya tano alipita chini ya taa yenyewe, nyayo zake zimenyooka bila haraka. Taa nimeihamishia chooni, inatusaidia.

Mzee jirani ananishauri nitege nyama yenye sumu. Nilimjibu kwa adabu: "Shikamoo ya sumu, mzee wangu, mbwa wako ndiye atakayeiitikia wa kwanza." Akacheka. Lakini sikutania. Sumu haichagui, na anayekula mzoga wa aliyekula sumu naye anakwenda, bundi na tai wote. Isitoshe, wanyamapori wanalindwa na sheria, ile ya mwaka 2009, huwezi kujichukulia tu. Na kanu huyu huyu anakula panya. Sina ugomvi naye akibaki nje.

9 Aprili

Siku mbaya. Masika imekolea na siafu wametoka. Saa tisa usiku kuku walilia kilio ambacho si cha kanu. Nilipofika, mlango mzima ulikuwa mweusi unatembea. Zamani kuku wangetoka kwenye nyufa au wangevunja ule wavu. Mimi nimewafungia vizuri. Komeo la chini lilikuwa limefunikwa na siafu na mikono yangu ilikuwa inaumwa wakati nahangaika nalo. Nimewatoa tisa, wamelala jikoni. Tetea aliyekuwa anaatamia hakukubali kuacha mayai. Tulimkuta asubuhi.

Nimekwenda kazini na vidole vimevimba, sikumweleza mtu.

20 Aprili

Marekebisho. Komeo la chini limeondolewa, badala yake kuna ubao wa kukingia unaoshikilia mlango usipinde, na komeo la juu sasa linafunguka kwa mkono mmoja gizani. Nimejaribu macho yamefumbwa, sekunde mbili.

Kwa wanaoatamia na vifaranga nimejenga kisanduku kingine, mabanzi na wavu wa kahawa, chenye miguu minne ya urefu wa mita moja. Kila mguu umesimama kwenye kopo la oili chafu niliyopewa na fundi pikipiki. Siafu hawavuki. Makopo yana vifuniko vya bati ili mvua isijaze maji. Majani yanayogusa kisanduku nayafyeka kila Jumamosi, maana jani moja tu ni daraja.

Mchana vifaranga watakaa chini ya tenga, mwewe wameanza kuzunguka. Mama alikuwa anawapaka rangi ya mikeka ya waridi, akidai mwewe hawatambui. Nitawapaka, gharama ni ndogo na binti amefurahi.

4 Mei

Tetea mmoja ameanza kuatamia mayai kumi na moja ndani ya kisanduku. Leo siku ya sita.

Alfajiri nyayo zilikuwepo. Zimetoka upande wa ukuta, zimelizunguka banda mara moja, zimesimama kidogo chini ya kisanduku, kisha zimenyooka kuelekea kwa mzee jirani. Nimempelekea kilo mbili za wavu wa kahawa zilizobaki na taa ya kuchaji. Amesema atafanya Jumapili.