Baba juu ya reli

Nilikuwa nyuma ya boda natoka sokoni Tororo, hapa Uganda, kikapu cha matoke mapajani, dereva alipopunguza mwendo pale njia yetu inapokatiza reli ya zamani ya Mbale. Akasema, "Dada, yule si mzee wenu?"

Alikuwa yeye. Kofia ya kijivu, majani yamemfika magotini, mikono ameitandaza kama mnandi anayekausha mabawa. Mguu wa kulia juu ya chuma. Wa kushoto ukanyanyuka, ukazunguka polepole, ukatua mbele ya mwenzake, kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha nyuma.

Nikafungua mdomo nipige kelele. Nikaufunga. Nikipiga kelele atageuka, na akigeuka ataanguka.

Hii ilikuwa 2018, baba akiwa na miaka 78. Miezi minne kabla ya siku hiyo alikuwa ameanguka kweli, saa nane usiku, akienda choo cha nje. Ndara ilikatika mkanda kwenye ngazi ya baraza. Nilimkuta amekaa kwenye saruji, ameushika mkono, ananigombeza kwa nini nimeamka. Kifundo cha mkono kilipata ufa. Zahanati walikomfunga plasta waliniambia neno moja tu: apumzike, asitembeetembee.

Nikalishika neno hilo kuliko hata wao walivyokusudia. Ndoo ya haja ndogo nikaileta chumbani. Chai ikamfuata kwenye kiti, chakula vilevile, redio nayo nikaisogeza karibu. Akitaka kuinuka, namuuliza unataka nini, nakuletea. Mtu aliyeanza kazi kwenye genge la kutengeneza njia ya reli, akipigilia juani mataruma yanayobeba chuma, akapanda hadi kuwa gadi wa treni za mizigo, akaiona East African Railways ikivunjika 1977 na bado akabaki relini. Mimi nikamfanya mzigo wa kitini. Plasta ilipotolewa, suruali zilikuwa zinamning'inia mapajani, na kutoka chumbani hadi barazani alikuwa anapapasa ukuta. Akaanguka tena, mara hii mchana kweupe, pembeni ya kitanda. Bahati godoro lilimpokea.

Ndipo mpwa wangu akamleta rafiki yake, binti wa tiba ya viungo, Jumapili moja baada ya kanisa. Alimsalimu baba kwa Kiswahili, akapendwa papo hapo. (Baba ni mtu wa Budama, mama alikuwa Mteso. Walikutana kwenye kota za reli, na sisi sote tumelelewa kwa Kiswahili cha relini.)

"Mzee, kunja mikono kifuani. Simama, kaa, simama, kaa. Nahesabu nusu dakika."

Mara nne. Binti akasema mwanamume wa umri wake anatarajiwa kufikisha walau kumi na moja. Akamwambia asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kwa vidole, sekunde kumi. Ya tatu haikufika, akamdaka.

Alitueleza kwamba anayesimama hushikwa na vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na habari zinazopanda kutoka nyayoni na kwenye viungo. Usiku macho hayasaidii, kwa hiyo hivyo viwili vingine lazima viwe macho. Mwili ukiyumba, paja ndilo linalouokoa, na paja lisilotumika hulegea haraka. Akauliza dawa anazokunywa. Aliposikia ni za presha, akamwonya asitoke kitandani kwa kuruka, akae kwanza ukingoni, maana presha huweza kushuka ghafla mtu anaposimama. Ndara akazitia mwenyewe kwenye takataka.

Halafu akanigeukia. "Na wewe, mama, acha kumletea chai."

Niliona aibu, nikaenda jikoni kujifanya natafuta sukari.

Mazoezi yenyewe yalikuwa mepesi hadi nikayadharau: kushika ukingo wa meza na kunyanyua visigino, kusimama mguu mmoja, kuinuka kitini bila mikono, kutembea kisigino kwa vidole juu ya mstari wa chaki. Nusu saa, mara tatu kwa wiki, na matembezi siku nyingine. Alisema mpango huo ulibuniwa New Zealand, unaitwa Otago. Baba alilipenda jina hilo, akadhani ni la Kijaluo. Chaki ndiyo aliyoikataa. "Chaki ni ya watoto wa shule," alisema kila mara, na kila mara nikamchorea.

Kumbe alikuwa na mstari wake. Vijana wa genge walikuwa wakishindana kutembea juu ya reli, atakayeshuka kwanza anawalipia wenzake chai. Na reli ya Mbale wakati huo haikuwa na treni, ilikuwa na mbuzi tu.

Nilishuka kwenye boda nikasogea kimyakimya. Hapo ndipo nilipomwona mjukuu, amefichwa na majani, anatembea katikati ya njia sambamba na babu yake, bega tayari, mdomo ukihesabu. Binti wa viungo alipopata habari alitugombeza wote: reli ina kimo, kando yake ni kokoto, mzee arudi kwenye chaki. Alikuwa na haki. Lakini pale mimi nilikuwa natazama viatu tu. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Kifundo kikitetemeka, kikitulia.

Akashuka mwenyewe, mguu mmoja kisha wa pili, bila kugusa bega la mtoto.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Sasa hivi tu, baba."

"Mataruma mangapi?" akamuuliza mjukuu.

"Kumi na mbili."

"Tisa, mzee," dereva wa boda akaitikia kutoka barabarani.

Baba akamtazama kwa muda, kama gadi anavyomtazama abiria asiye na tiketi. "Basi narudia. Hesabu vizuri."

Dereva akazima pikipiki, akakaa upande ili aone.