Tena Wamo Wanyama Wengi

Somo: Yona 4:11

Wapendwa, kitabu cha Yona kinakwisha kwa swali, na swali lenyewe linaishia kwa wanyama. Mungu anamuuliza nabii aliyekasirika: je, hainipasi kuuhurumia Ninawi, mji wenye watu zaidi ya 120,000, tena wamo wanyama wengi? Maneno hayo ya mwisho huwa tunayapita haraka. Lakini rudini sura ya tatu. Mfalme alipotangaza toba, wanyama nao walifungishwa, wasile wala kunywa, wakavikwa magunia. Waliingia katika msiba wa wenye nyumba, na Mungu alipotaja wa kuhurumiwa hakuwaacha nje.

Wiki hii somo hili limenikumbusha Louisiana, Marekani. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga, kuta za kuzuia maji zikabomoka, na karibu asilimia 80 ya jiji la New Orleans ikazama. Waokoaji walipofika, wenyeji wengi waliambiwa mbwa haruhusiwi kupanda. Wapo walioacha chakula na maji ndani, wakaondoka wanalia. Wengine waligoma kabisa kuondoka, na kuna waliofia humo humo.

Mbwa waliobaki nyuma walifuatwa baadaye kwa mashua, nyumba kwa nyumba. Wengi walipelekwa Gonzales, kati ya New Orleans na Baton Rouge, kwenye uwanja wa maonyesho wa Lamar-Dixon, ambako mabanda ya farasi yaligeuzwa makazi ya muda ya mbwa. Watu wa kujitolea walitoka majimbo ya mbali, wakalala kwenye mahema na magari. Kazi yenyewe haikuwa na sifa yoyote: kuosha vizimba, kubadilisha maji katika joto kali la Septemba, kuogesha mbwa waliotapakaa tope la mafuriko, kumtoa mmoja mmoja kwa kamba anyooshe miguu. Jina la mbwa halikujulikana. Kilichoandikwa kwenye karatasi yake ni mtaa na nyumba alikookotwa, ili mwenyewe akitokea apate pa kuanzia kumtafuta. Mimi karatasi ile naiona ni huduma kamili. Aliyeiandika kwa uangalifu alikuwa anamhudumia mtu asiyemjua, aliyepoteza kila kitu.

Najua mtaniuliza: mbwa tena, na binadamu wanakufa? Naheshimu swali hilo. Ila pale New Orleans kumfungia mbwa mlango kulimfungia na bibi kizee asiye na mwenzake mwingine nyumbani. Mwaka 2006 Marekani ilipitisha sheria inayotaka mipango ya maafa ya majimbo na miji iwajali pia watu wenye wanyama wa nyumbani.

Nasi huku mafuriko tunayajua. Makanisa yetu hupokea waliokimbia maji, tunagawa magodoro na uji. Naomba wazee wa kanisa, kabla ya masika, tukae tupange mbuzi, kuku na mbwa wao watafungwa wapi, na nani atawapa maji.