Nilivyojifunza kuituliza gololi kwenye Pinball Dreams

Kwa wiki nzima gololi zangu zilidumbukia katikati ya vibao, vile viwili vya chini ya meza vinavyoirusha gololi juu, kabla sijafika popote. Nilikuwa nimeamua kuimudu meza moja tu ya Pinball Dreams, mchezo wa kompyuta wa pinboli, ile ya Ignition yenye roketi na sayari. Mchezo huu ulitoka mwaka 1992 kwa kompyuta za Amiga, kazi ya kundi la Sweden lililoitwa Digital Illusions, ambalo baadaye, kwa jina la DICE, lilitengeneza michezo ya vita ya Battlefield. Una meza nne: mbali na Ignition kuna Steel Wheel ya magari moshi, Beat Box ya muziki, na Nightmare ya makaburini. Zote nazipenda, ila Ignition ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nachezea toleo la DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, kupitia DOSBox, programu inayoendesha michezo ya DOS kwenye kompyuta za sasa, na kikwazo cha kwanza hakikuwa mchezo wenyewe. Vibao vinaendeshwa kwa vitufe viwili vya Shift, cha kushoto na cha kulia. Sasa, Windows ina huduma ya kuwasaidia wasioweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na ukigonga Shift mara tano mfululizo, dirisha lake linachomoza. Mara tano kwenye pinboli ni sekunde chache tu! Dirisha likichomoza, gololi imeshakwenda. Niliingia kwenye mipangilio, nikazima njia hiyo ya mkato, na tangu hapo halijanisumbua. Picha nazo zilikuwa zikikwamakwama. Nikaongeza kasi ya DOSBox kidogo kidogo kwa Ctrl na F12 mpaka gololi ikatiririka vizuri.

Kilichobaki kilikuwa mikono yangu. Nilikuwa nainua vibao vyote viwili kwa pamoja kila gololi ilipokaribia, na hapo ndipo pengo la katikati lilipopanuka. Nikajilazimisha kutumia kibao kimoja tu, kile kilicho upande wa gololi. Halafu nikajifunza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha pinboli: kutopiga. Gololi ikiteremka upande wa kushoto, unakiinua kibao cha kushoto na kukishikilia hivyo hivyo. Gololi inagonga, inayumba, inatulia kwenye pembe. Sasa una muda wa kupumua na kutazama unakotaka kuipeleka.

Ukikiachia kibao, gololi inaanza kuviringika kuelekea ncha. Ukiipiga mapema, ikiwa bado karibu na shina la kibao, inapanda upande ule ule ilikotoka. Ukisubiri ifike karibu na ncha, inakata kwenda upande wa pili. Nilirudia hilo jioni tatu bila kujali alama, nikilenga njia moja ya kulia mpaka kidole kikazoea muda wake. Kuitikisa meza kwa kitufe cha nafasi nilikuacha kwa dharura tu, kwa sababu ukizidisha, vibao vinakufa na gololi inaanguka huku unaitazama.

Jioni ya nne gololi moja ilikaa mezani muda mrefu kuliko michezo yangu yote ya wiki ile. Nilipoipoteza, mchezo uliniomba niandike jina langu kwenye orodha ya alama za juu, na vidole vilikuwa bado vimeshikilia Shift zote mbili.