Nguo si mtu

Mtoto karudi skuli na karatasi. Aulize watu wa nyumbani: unapenda kufanya mazoezi, ndiyo au siyo, na kama ndiyo, unapendelea lipi. Chini yake vimepangwa visanduku vya kutia alama: kutembea, kukimbia, kuogelea, mpira wa miguu, netiboli, baiskeli, kuruka kamba. Mwisho kabisa pana "mengine, taja", na mstari mfupi usiotosha hata jina la mtu.

Baba yake kajibu haraka: mpira. Tangu nimjue, mpira wake ni wa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, lakini mtoto katia alama na mimi sikutia neno. Kaka yake kasema vyuma. Visanduku havina vyuma, kwa hiyo mstari mfupi ukaliwa na yeye. Ilipofika zamu yangu nikawa kimya. Kalamu inaningoja na mimi niko Amaan, uwanja wetu wa michezo hapa Unguja, ile Amaan ya zamani, kabla haijajengwa upya na kufunguliwa mwishoni mwa 2023. Niko pale na Mamkubwa.

 

Mwaka ule sukari yake ilikuwa haishikiki. Daktari, kijana mdogo, mpole, akamwambia atembee. Akamtajia na kipimo kile cha Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima: angalau dakika 150 kwa wiki za kuushughulisha mwili mpaka pumzi ziende mbio kidogo, yaani nusu saa kwa siku tano. Mamkubwa akamtazama kwa juu ya miwani.

"Mia na hamsini? Nikae nahesabu dakika kama napiga simu ya nje?"

Daktari akacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua kwamba hatanii.

Kitu alichokuwa hakimwingii akilini ni mtu kutoka kwake mikono mitupu, akatembea mpaka mahali, akageuka, akarudi mikono mitupu vile vile. Yeye kazaliwa Wete, Pemba, kakulia chini ya mikarafuu. Msimu ukiingia watu hawalali. Wapo walio juu ya miti wanavuta matawi, wapo walio chini wanaokota mpeta, karafuu zilizoanguka, na usiku nyumba nzima imekaa jamvini inachambua, karafuu huku, makonyo huku. Asubuhi zianikwe, jioni zianuliwe, na wingu likitokea katikati ya mchana ni mbio za wakubwa na wadogo. Juu ya hayo maji ya kisimani, na kuni, vyote kichwani.

"Na siku zote hizo," akisema, "hakuna hata mmoja aliyetupigia filimbi."

Sikuwahi kuwa na jibu la maana kwa maneno hayo. Nenda Paje, pwani ya mashariki, maji yakitoka uwatazame wanawake wa mwani, wameinama mashambani mwao, maji ya magoti, jua la utosi, wanafunga na kufungua kamba mpaka bahari irudi kuwafukuza. Hatua chache kutoka hapo, mchangani, wageni wa hoteli wametandika vijamvi vyao wanajinyoosha, na wamelipia. Mamkubwa aliwaona siku moja tulipokwenda maziko upande ule. Aliuliza kama wanaumwa.

Au nenda Forodhani jioni. Vile vitoto vinapiga mbio mpaka ukingoni, vinajipindua hewani, chubwi, vinapanda tena ukutani maji yanachuruzika, tena, na tena, mpaka adhana ya Magharibi. Mkamate mmoja umuulize kama anapenda mazoezi. Atakwambia hapendi, na kwamba skuli wakikimbizwa mchakamchaka yeye hujificha chooni.

Kwa hiyo mtoto wangu ananiambia, Mama, tia basi. Nikamwambia tia kutembea. Kutembea natembea kweli, baada ya Alfajiri, na kikundi chetu. Kwenye suala la kupenda nimemwambia atie ndiyo, asije akaulizwa maswali na mwalimu. Lakini tukisema ukweli, sisi wanawake wa kikundi kila mtu na lake. Mmoja anakuja kwa sababu ndio wakati pekee wa siku ambao hakuna anayemwita. Mwengine kwa ajili ya habari za mtaa, na habari hazitembei haraka, ndiyo maana na sisi hatuendi haraka. Wako wawili waliotishwa na presha. Nathubutu kusema yupo mmoja tu anayependa kukimbia kwenyewe, na huyo hatumuoni, keshafika Mizingani karudi sisi ndio kwanza tunasalimiana. Tunamheshimu, ila hatumwelewi.

Na Mamkubwa alikuja kwa fulana.

Kila tarehe 1 Januari Unguja ni siku ya mazoezi. Vikundi vinakusanyika asubuhi na mapema, vya hapa na vya kutoka ng'ambo ya bahari, vinapita mjini kwa kutembea na kukimbia, aghlabu mpaka Amaan, na viongozi wa nchi nao wamo ndani ya truksuti. Mwaka ule kikundi chetu kilishona fulana za kijani zenye jina la mtaa mgongoni, na ikabaki moja kubwa. Dada yangu akamwambia Mamkubwa, hii ya bure, ila haitolewi mpaka mtu atembee. Alfajiri ile tukamkuta mlangoni, yuko tayari: fulana juu ya dera, kanga begani, mtandio wake wa Sikukuu, na raba za mjukuu zilizokuwa na taa nyekundu kwenye visigino. Kila akikanyaga zinawaka.

Safari yenyewe sina la kusimulia. Tuliondoka Kisonge, tukayapita majumba ya Michenzani, ngoma mbele, vumbi nyuma. Alilalamika njia nzima, akasimama kusalimia kila aliyemjua na wengine asiowajua, tukafika watu wa mwisho.

Uwanjani mwalimu alikuwa juu ya jukwaa na maikrofoni na filimbi. Mikono juu! Kushoto! Kulia! Chuchumaa! Mamkubwa aliinua mkono mmoja, wa pili umeshika kipochi. Baadaye akaushusha na huo, akaenda kukaa kwenye ngazi, penye kivuli. Kaskazi ilikuwa inavuma lakini jua la Januari halisikii upepo. Nikamfuata.

"Sasa hapa nani anashinda?" akaniuliza.

"Hakuna anayeshinda, Mamkubwa."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Akautazama uwanja mzima, watu wazima mamia kwa mamia wanarukaruka pamoja. Akatikisa kichwa.

Nyuma ya goli, mbali na maikrofoni, wanawake wa kikundi kingine walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo, wakaanza nage. Mpira wao wa kienyeji, soksi iliyoshindiliwa vitambaa na kukazwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Wapigaji wawili, mmoja huku, mmoja kule, na kati yao watano sita wanakwepa. Ukiguswa, toka.

Mamkubwa alitazama kwa mbali. Kisha akasogea. Kisha nikaona ananikabidhi kipochi. Akavua zile raba, akazipanga pamoja, akavua miwani akanitia mkononi, akaichukua kanga ya begani akaifunga kiunoni mafundo mawili, akaingia kati. Hakuomba ruhusa wala hakusema alikotoka.

Wale wanawake wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole, "Bi mkubwa, utaumia."

"Piga."

Mpira wa kwanza alipigiwa wa heshima, wa chini, wa taratibu. Aliinua mguu mmoja ukapita chini yake, akaudhika kweli kweli. "Nimesema piga! Hukuambiwa unipe!"

Wa pili ulikuja kwa nguvu.

Wote waliokuwa kati pale walikuwa wakiutazama mpira. Yeye akilitazama bega la mpigaji. Bega likirudi nyuma, keshajua. Mpira unatoka mkononi na yeye hayupo tena pale. Hatua moja tu, nusu hatua, kiuno kinapinda, mkono unanyanyuka, mpira unapita chini ya kwapa. Akigeukiwa na yule wa nyuma, hageuki mwili mzima, anageuza shingo, anaona anachokitaka, anajipinda upande wa pili. Hakukimbia hata mara moja. Vijana walikuwa wakikimbia huku na huku, wanagongana, wanapigwa za mgongo, wanatoka mmoja mmoja wanacheka. Yeye na nyayo zake pana za mtu aliyekulia peku, zimeyashika majani, jasho limemtoka juu ya mdomo, na mdomo wenyewe haupumziki.

"Huyu ndiye mpigaji wenu? Huo mkono umeuazima wapi?"

"Mwite na mumeo akusaidie!"

Watu wakaanza kuacha viungo wakaja kutazama. Mwenye maikrofoni anaita, upande ule hapana anayemsikia. Sijui ulikuwa muda gani. Daktari angependa kujua. Nilichokuwa nakitazama mimi ni yale magoti, magoti yale yale yaliyokuwa hayawezi kupanda ngazi za kwa dada bila ya kusimama katikati na kumtaja Mungu.

Akabaki yeye na msichana mmoja. Msichana akapigwa. Akabaki peke yake, na wapigaji wote wawili sasa wamekasirika, wanapiga kutoa roho. Mafundo ya kanga yakaanza kulegea, pindo likaning'inia nyuma. Mpira ukaja wa pembeni. Mamkubwa akajipinda kama kawaida yake, mwili ukapita, pindo likachelewa. Nikasikia sauti ya kitambaa: paf.

"Katoka!"

"Nani katoka? Mimi sikuguswa!"

"Bi mkubwa, umepigwa kanga hiyo."

"Kanga, ndiyo. Mimi nimepigwa wapi? Nionesheni! Nguo si mtu!"

Hapo ndipo mazoezi yalipokwisha na Siku ya Mazoezi ikaanza hasa. Watu wa fulana za kijani tukasema hakuguswa. Wale wenzetu wakasema kaguswa na mchana unaingia. Akatokea bibi mmoja asiye na fulana yoyote akasema zamani kwao vazi lilihesabiwa, akajibiwa kwamba hapa si kwao. Nikaitwa mimi shahidi kwa kuwa nilikuwa karibu. Nikasema nilikuwa nimeshika kipochi, miwani na viatu, sikuona vizuri. Mamkubwa alinitazama jicho ambalo hata bila ya miwani lilinifika.

Kwenye gari la kurudi nikamuuliza, "Lakini umefurahi?"

"Nimedhulumiwa," akasema, na kabla hatujashuka keshamsimulia utingo mchezo mzima, mipira imeongezeka na wapigaji wamekuwa wanne.

Kutembea hakutembea tena. Asubuhi iliyofuata hakuweza hata kuinuka kitandani, tukamsugua mafuta ya karafuu miguu yote miwili. Kiongozi wetu akasema basi tutie nage siku za Jumapili ili Bi mkubwa aje, tukacheza kidogo, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kisha baadhi yetu wakaona haya, watu wazima kurukaruka uwanjani vijana wanatazama, ikafa kimya kimya. Sukari ilishuka, ikapanda, ikashuka. Siwezi kusema nage ilifanya nini, maana na mihogo nayo hakuiacha.

Kliniki iliyofuata daktari akafungua daftari lake. Umefanya mazoezi, Bi mkubwa? Hapana, akasema, kwa sauti ya mtu asiyedaiwa. Mimi nikadakia, nikaeleza habari ya Amaan. Daktari akafurahi, akaanza kuandika. Mamkubwa akamshika mkono wa kalamu.

"Hebu ngoja. Wewe kijana umesoma. Mpira ukigusa kanga, mtu anatoka au hatoki?"

Daktari akafikiri. Alikuwa mtu wa Makunduchi, na swali alilichukulia kwa uzito wake. Akasema kwao, dada zake walipokuwa wakicheza, nguo ikiguswa mtu anatoka.

Mamkubwa akauachia mkono. Akachukua kipochi chake, akainuka, na nje kwenye benchi akaniambia nimtafutie daktari mwengine, huyu hajui kitu.