Nilivyofuatilia peleti za chuma hadi zinapopasukia

Kazi niliyopewa maabara ilikuwa kueleza kwa nini peleti, yaani vidonge vya madini ya chuma vilivyochomwa vikawa vigumu kama gololi, zikiingia kwenye tanuri la kuyeyushia chuma zinamomonyoka. Vumbi lake huziba nafasi kati ya peleti na makaa ya koki, gesi ikakosa pa kupandia.

Wengi tulishuku joto kali. Mimi nikaanza na joto dogo, lile la sehemu ya juu ya tanuri. Nilipasha gramu 500 za peleti ndani ya nitrojeni, na zilipofika nyuzi 550 za selsiasi nikafungulia kaboni monoksidi, gesi inayonyang'anya oksijeni. Bomba lote lilining'inia kwenye mizani, kwa hiyo oksijeni ikitoka naiona kwenye uzito. Peleti hizi ni hematiti, oksidi ya chuma; ikiwa safi ina oksijeni asilimia 30, lakini ili iwe magnetiti, oksidi yenye oksijeni pungufu, inapoteza moja ya tisa tu ya hiyo oksijeni. Kwa gramu 500 ni kama gramu 17. Mizani imecheza kidogo tu, na peleti imeshaharibika.

Kupoza ndiko kulikonitesa. Chuma kilichotoka kunyang'anywa oksijeni kikikutana na hewa kikiwa bado moto, kinairudisha fasta, na ushahidi wote unapotea. Nikaiacha nitrojeni ipite mpaka bomba likashikika kwa mkono. Nusu ya peleti nikazizungusha kwenye pipa mizunguko 900, nikachekecha. Nyingine nikazigandisha kwenye gundi, nikazikata na kuzing'arisha.

Chini ya hadubini hematiti ni nyeupe, magnetiti ni kijivu chenye ukahawia. Nyufa zilifuata mpaka wa rangi hizo mbili. Magnetiti hudai nafasi kubwa kuliko hematiti iliyoizaa, basi ganda linavimba huku kiini kikiwa vilevile. Kwa nyuzi 900 kesi ni tofauti: baadhi ya peleti huvimba kwa sababu chuma huota vijiti vyembamba.

Tangu hapo kipimo cha kuponda peleti ikiwa baridi sikiamini peke yake.

Nyumbani huniuliza kuhusu Liganga, kusini mwa Tanzania, ambako mwamba ni magnetiti yenye titani na vanadi. Wanadhani kwa kuwa ni magnetiti tayari, hatua ya hematiti kugeuka magnetiti imerukwa. Lakini peleti zikichomwa hewani ili zikaze, magnetiti hugeuka hematiti, kisha tanurini inarudi kuwa magnetiti. Halafu kuna titani, ambayo oksijeni yake haiachii kirahisi.