Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya muuza vyombo wa sebuleni

Nauza vyombo vya kuhifadhia chakula hapa Dar es Salaam. Sina duka wala meza sokoni. Mama mmoja anawaalika wenzake nyumbani kwake, mimi nakwenda na vyombo, naonyesha vinavyofanya kazi, naandika oda, na kampuni inanipa kamisheni. Ndiyo biashara inayoitwa mauzo ya moja kwa moja. Wengi wanaisikia kwa sifa za ajabu au kwa matusi, na wachache wamewahi kuona siku yake nzima. Nimechagua Jumamosi kwa sababu ndiyo siku akina mama wa mji huu hukutana: kikoba, mchezo wa kupeana pesa, vikao vya kicheni pati.

Saa 12 asubuhi

Naanza na daftari kabla ya simu. Kila mteja ana ukurasa wake: alinunua nini, lini, nyumbani wako wangapi, wanakula dona au sembe. Hilo la dona si udaku. Dona linasagwa pamoja na kiini cha mahindi, na kiini kina mafuta, kwa hiyo kwa joto letu linaingia uchungu upesi kuliko sembe. Mwenye familia ya dona ana shida yake, mwenye sembe ana nyingine, na anayeuza dagaa ana ya tatu. Nikifika kwa mtu bila kujua anapika nini, nimekwenda kuuza plastiki tu.

Saa 1 na nusu

Nampigia mwenyeji wangu wa leo, dada mmoja wa Kimara. Nampigia, simwandikii, kwa kuwa kwenye ujumbe kila mtu husema "sawa".

"Dada, wamethibitisha wangapi?"

"Tisa. Ila shangazi yangu atachelewa, anatoka msibani."

"Mpe pole. Tutamsubiri, tusianze na onyesho kubwa. Na umepika nini?"

"Nilitaka kufanya pilau na kuku…"

Namzuia. Zawadi ya mwenyeji inategemea mauzo, na sitaki atumie pesa nyingi kuliko atakayopata. Karanga, juisi, na kachumbari nitakayotengeneza mwenyewe mbele yao vinatosha. Mwenyeji aliyetoka na hasara hakualiki mara ya pili, na dada zake hawakualiki kamwe. Biashara hii yote imesimama juu ya sebule za watu, na sebule ni heshima ya mtu.

Saa 3

Kariakoo, stoo ya msambazaji. Nachukua mzigo wa oda za wiki iliyopita, nafungua kila boksi papo hapo na kujaribu kila mfuniko. Kila mfuko naandika jina la mteja na kiasi alicholipa.

Mwisho wa mwezi stoo hii hujaa wauzaji wanaonunua mzigo usio na mteja. Kampuni huweka ngazi: ukifikisha kiasi fulani cha manunuzi mwezi huu, unapanda, na asilimia yako inapanda. Kwa hiyo mtu aliyebakiza laki mbili anaitoa mfukoni mwake, au kwenye kikoba, ili asishuke. Mimi kanuni yangu ni moja: oda inaingia kampuni pale pesa ya mteja imeshaingia kwenye simu yangu. Ngazi iliyonunuliwa kwa pesa yako mwenyewe ni deni lenye cheti. Nimewaona wanawake wenye bidii kweli wakiacha kazi hii wakiwa na chumba kizima cha makopo wasiyojua wamuuzie nani, na kinachoniuma ni kwamba walikuwa wauzaji wazuri.

Saa 5

Basi la mwendokasi hadi Magomeni. Napeleka mzigo kwa mama lishe aliyeagiza makopo ya viungo, na kumbadilishia mteja mwingine mfuniko uliopasuka ungali ndani ya dhamana. Kazi ya dakika chache. Ila ule mfuniko nausemea, kwa kuwa duka la jumla halimbadilishii mtu mfuniko. Hapo ndipo ninapostahili bei yangu, ambayo iko juu ya bei ya Kariakoo na sijawahi kuificha.

Mbona basi vyombo hivi haviuzwi dukani tu? Wageni huniuliza sana. Earl Tupper alianza kuuza bakuli zake za plastiki Marekani mwaka 1946. Mfuniko wake ulibana vizuri kuliko wowote uliokuwepo, lakini dukani bakuli zilikaa kwenye rafu. Watu hawakujua jinsi ya kuufunga, kwamba lazima ubonyeze katikati na kutoa hewa. Chombo kilihitaji mtu wa kukionyesha. Wauzaji wa Stanley Home Products walikuwa tayari wakiuza vifaa vya usafi kwa maonyesho majumbani, na mmoja wao, Brownie Wise, mama aliyekuwa akimlea mwanawe peke yake, alichukua bakuli za Tupper na kuzipeleka sebuleni. Alikuwa akijaza bakuli maji, anafunga, kisha anairusha upande wa pili wa chumba. Mauzo yake yaliwapita wenye maduka, na mwaka 1951 Tupper akaondoa bidhaa zake madukani kabisa, akamkabidhi Wise kazi yote ya mauzo ya nyumbani.

Mwaka 1954 Wise alikuwa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la jarida la Business Week. Mwaka 1958 akafukuzwa. Hakuwa na hisa hata moja. Aliondoka na malipo ya mshahara wa mwaka mmoja, na mwaka huohuo Tupper akaiuza kampuni kwa dola milioni 16. Kampuni yenyewe, Tupperware, iliomba kinga ya mufilisi Septemba 2024. Nawasimulia wanawake wa timu yangu habari hii kila nikipata nafasi, kisha nawauliza kama wana daftari lao wenyewe la wateja, nje ya simu na nje ya mfumo wa kampuni. Katalogi ni ya kampuni na cheo ni cha kampuni. Mama wa Magomeni anayejua nitarudi na mfuniko wake, huyo ni wangu.

Saa 7 mchana

Ubungo, kwa mama ntilie, wali maharage na mchicha. Nimekutana na binti anayetaka kujiunga. Amemaliza chuo, kazi haijapatikana, na kuna mtu kamwambia kwamba kwenye biashara hii "unaingiza watu watatu, nao wanaingiza watatu, wewe unakaa".

Hapa huwa siharakishi. Nchi hii ina kumbukumbu. Mwaka 2009 ilipoanguka DECI, upatu wa piramidi wa hapa kwetu, watu walikuwa wamepanda pesa zao kama mbegu wakisubiri mavuno, wengine pesa ya ada, wengine ya mafao. Kenya nako walilia na upatu wa piramidi mwaka 2006 na 2007. Kwa hiyo binti akiogopa, ana haki ya kuogopa, na ni bora kuliko asiyeogopa.

Namwambia aulize kwanza pesa inatoka wapi. Kama inatoka kwa mtu aliyenunua kopo ili aweke unga wake, hiyo ni biashara, hata kama ni ngumu. Kama inatoka kwenye kiingilio cha mtu mpya, ni piramidi, hata wakikupa sabuni na vidonge juu yake. Marekani suala hili lilifika mbele ya tume ya biashara ya serikali yao, FTC, katika kesi ya Amway, kampuni ya mauzo ya moja kwa moja, iliyoamuliwa mwaka 1979. Amway haikuhesabiwa piramidi, na sababu zilikuwa na maana: hapakuwa na malipo kwa kuingiza mtu tu, muuzaji alitakiwa awe ameuza angalau asilimia 70 ya mzigo aliochukua na awe na wateja kumi kabla ya kupata bonasi, na mzigo usiouzika ulirudishwa. Tume hiyohiyo iliibana kampuni kwa kutangaza mapato makubwa ambayo wauzaji wa kawaida hawakuyaona.

"Kwa hiyo na wewe uliza," namwambia. "Nikishindwa kuuza, mnarudisha mzigo kwa bei gani? Na mtu wa kawaida kwenye timu yako, siyo yule wa kwenye picha ya gari, anabaki na shilingi ngapi akishatoa nauli?"

Ananiuliza swali hilo la mwisho mimi mwenyewe. Namwambia aje Kimara alasiri, abebe mfuko mmoja, aone pesa ikihesabiwa.

Saa 10 alasiri

Viatu mlangoni, shikamoo kwa wakubwa, na mama mkwe wa mwenyeji anakaa kiti cha mbele. Nafurahi akiwepo mtu mzima. Akikubali yeye, chumba kinakubali. Akikataa, ananifundisha jambo.

Sianzi na katalogi. Naanza kwa kuuliza: wiki hii umetupa nini jikoni? Mmoja katupa nusu kilo ya nyama umeme ulipokatika. Mwingine katupa unga wa wadudu. Chumvi imeyeyuka na sukari imegandana, hilo ni la wote, kwa unyevu huu wa pwani. Dagaa wameota ukungu. Dakika kumi tu, na kila mtu amejua wenzake wanapoteza nini, na mimi nimejua nionyeshe nini, niache nini mfukoni.

Kisha bakuli. Najaza juisi ya rozela, nyekundu kabisa, nafunga, nabonyeza katikati hewa itoke, nageuza juu ya kitambaa cheupe cha mwenyeji. Kimya. Hakuna tone. Mama mkwe ananyoosha mkono: "Lete nifunge mwenyewe." Namwachia. Mfuniko unamgomea, anajaribu tena, unalia "pwa!" na sebule nzima inapiga vigelegele. Hakuna tangazo la redio linaloweza kufanya kazi iliyofanywa na mkono wa yule bibi.

Mama mmoja anauliza kama kopo litazuia wadudu kwenye dona lake. Namwambia kweli: kopo linazuia wadudu wa nje na unyevu, haliui mayai yaliyokuja na unga kutoka mashineni. Asage kidogo kidogo, unga wa wiki mbili, na asimwage mpya juu ya masalia. Binti wa Ubungo ananitazama, labda alidhani nitasema "ndiyo" ili niuze. Mama yule ananunua la kilo 5.

Sasa jambo ninalolichunga kuliko yote. Kwenye sebule ya rafiki, kutonunua kuna aibu. Mwenyeji kakaribisha, kachumbari imeliwa, jirani kaagiza seti. Kuna wauzaji wanaolitegemea hilo, na nakiri kwamba linaleta pesa, lakini ni pesa ya mara moja. Kwa hiyo kabla ya karatasi za oda kupita, nasema kwa sauti kwamba asiyenunua leo amenisaidia kwa kuja, na simpitishi mtu karatasi mkononi, naziweka mezani. Mali kauli, yaani kukopesha, pia sifanyi. Mtu akikosa pesa leo, naandika jina lake na tarehe ya mshahara, namkumbusha mara moja tu.

Shangazi anafika saa 11 kasoro, bado ana kanga ya msibani. Ananyamaza muda mrefu, halafu anasema yuko kwenye kamati ya kicheni pati ya mpwa wake na hawajapata zawadi ya jikoni. Seti nzima, kwa oda moja. Nusu ya mauzo ya leo yanatoka kwake.

Saa 1 usiku

Nahesabu mbele ya binti. Mauzo shilingi 640,000. Kamisheni yangu asilimia 25, yaani 160,000. Naondoa zawadi ya mwenyeji 32,000, bajaji na nauli 14,000, mahitaji ya kachumbari na juisi 9,000, katalogi 5,000, makato ya simu 4,000, na nauli ya kuja kukabidhi mzigo 10,000. Zinabaki 86,000. Hapo bado saa zangu za asubuhi, za leo na za siku ya kukabidhi.

"Na ukikosa mtu kama shangazi?" anauliza.

"Gharama nyingi hazishuki. Mauzo yakiwa nusu, nabaki kama na elfu ishirini."

Hasemi kitu. Anatoa simu, anazinakili hesabu zote humo… kisha anarudi juu na kuuliza kama zawadi ya mwenyeji ni lazima itoke kwangu au kampuni inachangia. Swali zuri. Kwangu kampuni inachangia pale tu mauzo yanapovuka 700,000, na naona kiwango hicho kinawaonea wanaouza mitaa ya kipato kidogo. Nimelisema hilo kwenye vikao vya wasambazaji na nitaendelea kulisema.

Saa 3 usiku

Ujumbe kwa mwenyeji: asante, jumla ya mauzo, na zawadi aliyochagua. Wageni wawili wamekubali kukaribisha kwao, mmoja Mbezi, mwingine Goba, nao nawaandikia tarehe kabla hamu haijapoa. Shangazi ameuliza kama seti itafika kabla ya Ijumaa, kamati inataka kuifunga na karatasi. Nimemjibu kwamba wakituma pesa Jumatatu asubuhi, naagiza saa hiyohiyo, na Alhamisi nitakuwa mlangoni kwake na kila mfuniko umejaribiwa.