Mchana una mizani ngapi?

Darasa siku hiyo lilikuwa na watu 19. Mdogo wao alikuwa na miaka 8, mkubwa wao bibi wa miaka 71, na katikati walikuwamo vijana wa sekondari, wazazi kadhaa, na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa saa kabla ya kustaafu. Tulikuwa na dakika 90 na ubeti mmoja tu. Ubeti mmoja unatosha. Ukilipeleka shairi la beti kumi mbele ya watu wa rika mbalimbali, wepesi watalimaliza huku wengine wangali kwenye mshororo, yaani mstari, wa pili, na tangu hapo kila mtu anasoma peke yake.

Wiki iliyotangulia nilikosea. Niligawa karatasi kwanza. Mtu akishashika karatasi, macho humtangulia sikio: watoto wanaosoma kwa kudonoa maneno huona haya, watu wazima huwinda misamiati migumu na kuipigia mstari, na mapigo ya shairi hayamfikii yeyote. Nikaongezea swali lililo baya kuliko yote la kufungulia somo, “Shairi hili linahusu nini?” Wakainamisha vichwa. Safari hii karatasi zilibaki mkobani, na ubeti nikauleta kwa mdomo. Niliutunga mwenyewe kwa ajili ya zoezi, ili tuweze kuufumua na kuushona upya bila kumkosea mtunzi yeyote:

Kivuli changu kirefu, jua likiwa lazama,
Na mchana ni dhaifu, miguuni husimama,
Nikimbiapo kwa hofu, nacho mbio ……
Kivuli hakina neno, bali hakibaki nyuma.

Mara ya kwanza walisikiliza tu, macho wameyafumba. Mara ya pili niliwaomba wainue mkono wanaposikia pumzi inakatika katikati ya mshororo. Mikono ilipanda karibu yote kwa pamoja baada ya “kirefu”, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba shairi la aina hii lina vipande viwili. Mara ya tatu tulihesabu mizani, yaani silabi za mshororo, na hapo ndipo palipochangamka.

Kuhesabu kwa makofi kuna mtego wake. Watoto hupiga kofi moja kwa kila neno, au hupiga pale tu sauti inapokazwa, na wakishika kasi makofi huyaacha maneno nyuma. Kidole kimoja juu ya meza ni bora, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, silabi moja pigo moja. Niliwagawa watatu watatu, kundi moja wanne, kila kundi likiwa na mtoto, kijana na mtu mzima, nikawapa kipande kimoja: “Na mchana ni dhaifu.”

Makundi manne yalipata 8. Mawili yalipata 7, na mvulana wa miaka 10 alisimama kulitetea hesabu lake kwa vidole: “Na, mcha, na, ni, dha, i, fu. Saba, mwalimu.”

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Nilinyamaza kwa sababu bibi alikuwa ameshanyoosha mkono. “Hebu niuimbe, mjukuu wangu,” akasema, na akauimba. Alipofika kwenye “mchana” alifunga midomo, sauti ikabaki ndani ya pua kwa muda ule ule aliokuwa akiipa kila silabi, kisha ndipo akaifungulia “cha”. Akamtazama mvulana. “Umeisikia ilivyokaa peke yake?”

Mvulana alikuwa ameisikia. Lakini hakuketi. “Basi na mbio ni tatu? M, bi, o?”

Hili ndilo swali ambalo ningelilipia kulisikia katika kila darasa la ushairi, maana ndipo wengi wanapokwama, hata watunzi wenye diwani zao. Bibi aliimba tena, “nacho mbio”, na safari hii m haikupata pigo lake. Ilipita imeng’ang’ania b kama mtoto mgongoni. Hapo nikaingia na maelezo. Ile m ya “mchana” ni mabaki ya mu. Irabu imedondoka, nafasi yake katika mapigo imebaki. M ya “mbio” haikuwahi kuwa na irabu hiyo, ni ya b tangu mwanzo. Kipimo chake ni chepesi, na mtoto wa miaka 8 anakiweza: ichomeke u. “Muchana” inasemeka na maana inabaki ile ile, kwa hiyo m inahesabiwa peke yake. “Mubio” si neno la mtu yeyote. Niliwapa “mbuni” wahangaike nalo. Yule ndege ni mizani 2, mbu-ni. Yule mtu anayebuni ni mizani 3, m-bu-ni. Herufi ni zile zile, na ndiyo maana macho peke yake hayawezi kuhesabu. Fundi wa saa akauliza kuhusu “daktari”. Mizani 4, da-k-ta-ri: konsonanti iliyobaki bila irabu katika maneno ya kukopa hupewa pigo lake.

Tulikuwa tumetumia dakika 35 juu ya kipande kimoja, na sijutii hata moja.

Baada ya hapo tuliliendea pengo la mshororo wa tatu. Masharti niliyatoa matatu: kipande kizima kiwe na mizani 8, kiishie kwa -ma, ndicho kina chetu, na kiseme jambo ambalo kivuli hulifanya kweli. Sharti la tatu ndilo linalosahaulika. Bila hilo watu hutafuta neno lolote la -ma, na unaletewa kivuli kinacholima. Msichana mmoja mdogo alitoa “nacho hukimbia nyuma”. Mizani 8, kina sawa, na ni kweli. Mama mmoja akamwambia kwa upole, “Lakini mwanangu, nyuma linatungoja kwenye mshororo wa mwisho. Tukilitumia hapa, kule litakuwa limechakaa.” Msichana akakubali, ila akaomba liandikwe ubaoni kando, na likaandikwa.

Kijana wa kidato cha tatu akaja na “nacho mbio bila kukoma”. Kila mtu alilipenda, na kila mtu alipogonga meza kidole kilibaki hewani. Mizani 9. Alijaribu kutoa “mbio”, kivuli kikapoteza mbio. Akajaribu “nacho hakikomi”, kina kikavunjika. Bibi akagonga meza mara nane bila maneno, kisha akasema, “Likate kichwa. Bila koma.” Nacho mbio bila koma. Nane. Niliwaambia kwamba kukata huku kuna jina, inkisari, na kwamba ndugu yake anayerefusha, kama “enda” kuwa “enenda”, huitwa mazida. Niliwaonya pia kwamba ruhusa hizi ni za kukoholea, si za kupumulia. Beti ikiwa na inkisari katika kila mshororo, msomaji anaona mtunzi akihangaika badala ya kukiona kivuli. Kipande changu cha awali kilikuwa “nacho mbio chaandama”. Cha kijana na bibi kilikuwa bora, na ndicho tulichokiacha ubaoni.

Istilahi niliziandika wakati huo, si kabla: ukwapi kwa kipande cha kwanza, utao kwa cha pili, kina cha kati, kina cha mwisho, kituo kwa mshororo wa mwisho. Jina likija baada ya kitu kushikwa mkononi, halihitaji kukaririwa. Mmoja wa wasichana wakubwa akagundua kwamba mshororo wa nne umeasi, fu, fu, fu, halafu no. Ni kweli, na inaruhusiwa. Kituo kinaweza kubeba kina cha kati cha kwake, na kikirudiwa katika kila ubeti huwa kibwagizo. Kijana mwingine aliuliza kama shairi lisilo na vina ni shairi. Nikasema ndiyo, mashairi huru yana nafasi yake katika Kiswahili tangu miaka ya 1970, nayo huyafundishi kwa vidole mezani bali kwa kuuliza kwa nini mshororo umekatwa pale ulipokatwa. Tukaliweka kwa siku nyingine. Utenzi nao ungefaa kwa kundi kama lile, mishororo mifupi ya mizani 8. Ndio aliouchagua mshairi Mwana Kupona mwaka 1858 alipomtungia binti yake wosia.

Zilibaki dakika 15 nilipogawa karatasi na kuuliza juu ya maana. Sikuuliza shairi linahusu nini. Niliuliza ni neno gani wangelilinda kama ubeti wote ungefutwa. Watoto wengi walisema “hofu”, na mmoja akaeleza kwamba ukikimbia ukiwa na hofu ndipo unapokikumbuka kivuli, ukitembea tu hukioni. Mama mmoja alisema “miguuni”. Fundi wa saa alisema “kirefu”, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba shairi linamsema yeye: jua linazama, na yale aliyoyaacha nyuma yamerefuka kumpita mwenyewe.

Hakuna aliyetaka kusema baada yake. Mtoto wa miaka 8, ambaye kutwa nzima alikuwa hajasema peke yake, akainua kidole. “Lakini babu, hata asubuhi kivuli ni kirefu.”

Mzee aligeuka kwenye kiti ili amwone vizuri. Alikaa kimya kitambo. Kisha akamwuliza, “Utauanzaje huo ubeti wa asubuhi?”

Mtoto alianza kugonga meza, polepole, kidole kikisubiri kila silabi. “Asubuhi ni kirefu.” Nane. Akamtazama mzee.

Mzee naye akaweka kidole mezani. “Mbele yangu chatazama,” akasema, na wote wawili wakahesabu tena toka mwanzo.